Vikuku Kumi na Kimoja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Machi 2079, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuandika kwenye daftari la zamu: Kisima namba Sita, presha ya kawaida. Niliandika "kawaida" kwa mkono wangu huu. Wino haujakauka, kisima kikapasuka.

Hakikulipuka kama bomu, kama redio ilivyotangaza. Kilichanika. Bomba lilinyanyuka na mabati ya banda, halafu mvuke ukalala chini na kuteremka upande wa shule, maana upepo wa Machi hapa Mvukeni hutoka kusini. Mimi nilidaka gurudumu la valvu nikaanza kufunga. Valvu ile ina mizunguko sitini na minne. Haina mkato. Nilipofika wa hamsini hivi nikageuza shingo kuangalia shule, niwaone watoto wanavyotawanyika.

Hakuna mtoto aliyetoka.

Baadaye ndiyo nilijua. Mwalimu alikuwa ametoka nje kupiga simu, akaanguka kwenye ngazi akavunjika mguu. Darasani watoto arobaini na wawili wa darasa la tatu walikuwa wamekaa, mikono juu ya dawati, wanaimba jedwali la saba. Ile hewa yenye harufu ya mayai viza iliingia mlangoni, ikapanda mpaka usawa wa magoti. Waliiona. Mmoja aliniambia alidhani ni moshi wa jikoni. Wakaendelea: saba mara nane, hamsini na sita. Kilichowaokoa ni upepo kugeuka, na upepo haukuajiriwa na Mamlaka ya Mvuke.

Aliyekimbia ni mke wangu, Leokadia. Alikuwa nyumbani anachambua mboga, hajasikia kitu, hajaona kitu. Aliangusha ungo akakimbia kupanda barabara ya shule, anapiga kelele ambazo majirani wanasema hazikuwa sauti yake moja. Alifika kwenye bomba la maji la mtaa wa tatu. Akaanguka pale pale.

Nilipomkuta, mkono wake wa kushoto ulikuwa na pete nyekundu za kuungua, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Nilizihesabu. Kumi na moja.

Ripoti ya wakubwa ina mistari miwili juu yake. Inasema moyo ulikuwa na hitilafu ya siku nyingi. Huyo mwanamke kwa miaka kumi na minne sijawahi kumwona hata na mafua ya siku tatu.

*

Nieleze ilivyokuwa, maana nyie msioishi hapa mtasema sisi ni wajinga.

Tangu waanze kuchimba visima vya mvuke, ardhi ya Mvukeni inatetemeka mara nne, mara tano kwa siku. Mtu mzima huzoea. Anashika kikombe chake cha chai, anasubiri, anaendelea kunywa. Watoto hawakuzoea. Walikojoa vitandani, wengine wana miaka kumi. Waligoma kula. Binti yangu Tulinave, Nave tunamwita, mmoja wa wale arobaini na wawili, alikaa miezi saba hasemi neno nje ya nyumba. Ukimtuma dukani anasimama mbele ya muuza duka kama mti, mpaka anarudishwa.

Tuliwaambia wakubwa: punguzeni kuchimba. Wakatuletea punje.

Punje ni kidude kidogo kama mbegu ya mtama, mtoto anabandikwa nyuma ya sikio. Mzazi anavaa kikuku mkononi. Mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nitasema kama Afisa Utulivu alivyotuambia pale uwanjani, bwana mmoja mpole anaitwa Eliakimu. Alisema hofu haifi, hofu inahama. Moyo wa mtoto ukianza kwenda mbio, punje inaivuta ile hofu, kikuku kinaipokea na kumpa mtu mzima. Mtu mzima mwili wake umekomaa, anaimeza kama mate. Kikuku kimoja, mtoto mmoja.

Sitadanganya. Ilifanya kazi. Mwezi ule wa kwanza mtaa mzima ulilala. Nave akaanza kuimba, tena kwa sauti, mpaka jirani akauliza kama tumefungua kanisa. Siku ya mkutano wa pili nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Kilichotuponza ni ujirani wetu. Akina mama wengi hapa wanakausha pareto kwenye mabanda ya mvuke. Trei zina moto, mikanda inazunguka, na hofu ya mtoto haikupigii hodi. Mama Sifuni nusura aache vidole kwenye mkanda. Basi asubuhi akapita kwetu: "Mama Nave, nishikie hiki nikirudi nitakichukua." Kama unavyomwachia mtu mtoto, au ufunguo. Leokadia akakivaa. Kesho yake wakaja wawili. Kwetu huwezi kumwambia jirani aliyesimama mlangoni kwamba mkono umejaa. Mwaka wa pili walikuwa hawavifuati tena jioni. Alikuwa analala navyo.

Ofisini kwa Eliakimu kuna ubao wa taa, kila kikuku na taa yake, kila taa na nyumba yake. Taa kumi na moja zilikuwa zinawaka nyumba moja. Mtu mwenye macho angeona. Waliona. Walichofanya ni kumpa Leokadia cheti cha Mlezi Bora na ndoo ya plastiki yenye nembo ya Mamlaka. Ndoo ninayo. Nanawia miguu.

*

Siku ya tatu ya matanga Eliakimu alikuja. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani, akatoa pole ndefu. Kisha akatoa bahasha, na ndani ya bahasha kikuku.

"Vile kumi tumewarudishia wenyewe," alisema. "Hiki ni cha Nave. Pole sana, Mzee Kihwele, lakini inabidi nikuulize mapema. Nani atakivaa?"

"Kwani lazima kivaliwe?"

"Kikikaa bila mtu kinaweza kuhifadhi siku arobaini. Baada ya hapo kinazima, na hofu yake inaanza kumrudia mwenyewe. Na mtoto aliyekaa miaka mitatu bila kuogopa, ikimrudia..." Alitikisa kichwa. "Tumeona watoto wanaugua, Mzee wangu. Sikutishi."

"Mlimwona mke wangu anabeba vya watu kumi?"

Alitazama kibao chake cha kioo alichokuwa ameshika mapajani, kama kwamba jibu liko mle. "Kila kitu kipo humu. Kila mtoto, dakika kwa dakika. Mfumo ulionyesha anamudu."

"Mfumo."

"Ndiyo, Mzee."

"Huo mfumo umekuja msibani? Nimwekee kiti?"

Nikachukua kikuku nikakitia kwenye kopo la sukari juu ya kabati. Nave alikuwa amekaa na watoto wenzake, anakula wali, usoni mkavu kabisa. Siku tatu mama yake amelala ardhini na yeye hajatoa hata chozi. Anauliza kama kuna nyama nyingine. Shangazi zake walikuwa wanamwangalia kwa jicho baya, na mimi nilishindwa kuwaeleza.

Eliakimu alipoondoka tu, Skola akaingia.

Skola Ngonyani ni jirani wa nyumba ya pili, anasaga karanga. Yeye Mngoni na sisi Wahehe, kwa hiyo ni mtani wetu, na mtani msibani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Aliingia amevaa kitenge cha marehemu na sweta lake, mkono wa kushoto amejivisha vifuniko vya chupa na mipira ya maji kuanzia kifundo hadi begani.

"Hodi hapa kwa wavuta majonzi!" akasema. "Mimi ndiye Leokadia. Nimerudi, nimesahau vikuku viwili vya akina Sifuni!" Akaanza kutembea kama alivyotembea marehemu, mkono umeelemewa, bega moja chini, anapokea vikuku hewani kwa kila aliyekaa. "Lete, mama. Lete na chako. Na wewe baba, lete. Mbuzi wako anaogopa? Lete na cha mbuzi!"

Watu walianza kucheka kwa kujificha, halafu wakacheka kweli. Hata shangazi mkubwa aliziba mdomo na khanga. Skola akaja kunisimamia.

"Na huyu Mhehe wangu ameninunia. Nyie Wahehe hata kulia hamjui. Mnalia kama mnagombana na mtu!"

"Nyie mnaojua mmetembea toka Afrika Kusini," nikamwambia, "na hamjafika bado."

"Tungefika, tukakuta mmelala njiani!"

Nave akacheka. Akacheka mpaka akashika tumbo, na katikati ya kicheko sauti ikapinda. Chozi moja likatoka. Akalifuta akaliangalia kidoleni.

Niliinuka kuchukua sukari ya chai. Kopo lilikuwa baridi. Sikuona ajabu wakati ule. Ajabu niliiona kesho yake nilipolishika likanichoma.

*

Ndiyo nikajifunza kusoma kopo.

Ardhi ikitetemeka, kopo linapata moto. Nave anachora picha sakafuni, wala hainui kichwa, na kopo linatoa joto kama kikombe cha uji. Nikasema sawa, hiyo naielewa. Lakini kulikuwa na saa nyingine, kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, linawaka moto kuliko wakati wa tetemeko. Ardhi imetulia. Mtoto amekaa mezani na kikombe chake, ananiambia habari za mbwa wa Skola. Kwa wiki nzima sikuelewa.

Siku ya nane nilikaa kwenye kiti mlangoni, kopo nimeliweka karibu na mguu. Likawa baridi. Nikachukua buti la kazi la kulia, nikavaa. Likaanza joto. Nikavaa la kushoto, nikafunga kamba, sikuweza kulishika.

Nikavua. Likapoa.

Nave akaniuliza, "Baba, kwani buti zinakubana?"

"Zinabana kidogo."

"Si uombe nyingine."

Mtoto alikuwa anakufa kwa hofu kwamba nami nitakwenda kwenye kile kisima nisirudi, na yeye mwenyewe hana habari. Habari ilikuwa kwenye kopo la sukari.

Sasa hapo mtu aniambie nifanye nini. Nikivaa mimi kile kikuku, Nave ataendelea kuimba, nami nitasimama kwenye valvu na mikono inatetemeka. Tena ataendelea kukaa darasani mvuke ukiingia. Nisipovaa, itamrudia yote, ya mama, ya buti, ya ardhi, na ana miaka tisa. Wakubwa walituwekea njia mbili na zote zinakwenda makaburini.

Na kuna jambo moja nimelizunguka, acha niliseme. Kikuku cha Nave kiliandikwa jina langu. Mimi ndiye niliyetia dole gumba pale uwanjani. Nilikivaa siku sita. Siku ya sita tetemeko likapita, hofu ya mtoto ikanishika nikiwa juu ya ngazi, nikajikojolea mbele ya vijana wa zamu. Wakacheka. Nikarudi nyumbani nikakivua, nikampa mke wangu. "Nishikie hiki," nikamwambia. Kilikuwa cha kwanza. Kabla ya Mama Sifuni, kabla ya wote.

*

Nilimweleza Skola, nikamwonyesha na kopo. Alilishika, akalirudisha.

"Siku ile nacheza msibani lilikuwaje?"

"Baridi."

"Alipokuwa anacheka?"

"Baridi kabisa."

"Basi ile hofu ilikwenda kwa nani?"

"Haikwenda kwa mtu."

Akanitazama kama mtu anayemwangalia mwanafunzi mzito. "Si wamekuambia haifi?"

Hatukungoja arobaini. Skola alisema ikizima ghafla ndiyo itamwangusha, bora imrudie kwa kijiko. Tulianza kuitoa punje dakika chache, saa za mchana, sisi wawili tumekaa naye. Mara ya kwanza alipiga yowe, akaingia chini ya meza. Skola akaingia naye chini ya meza, na mwili wake ule.

"Unaogopa nini, bibi?"

"Sijui!"

"Kiko wapi? Tumboni? Kooni?"

"Hapa." Akaonyesha kifua.

"Kikubwa kama nini?"

Nave akafikiri huku analia. "Kama jogoo."

"Jogoo wa nani?"

"Jogoo wako. Yule mbaya."

"Ala! Unamtukana jogoo wangu chini ya meza yangu!"

"Meza ya baba!"

Wakaendelea hivyo mpaka pumzi ya mtoto ikashuka. Kesho tena, na keshokutwa. Tetemeko Skola alilifanya mtani. Likija, Nave anatakiwa alitukane kwanza: "Pita zako, mlevi wewe, umekosa mlango!" Halafu anasimama, anashika ukuta, anatembea mpaka mlangoni akihesabu hatua. Nyumbani kwetu ni hatua kumi na nne. Usiku aliamka akilia, nami nikamshika mkono bila kusema maneno mengi, maana sina. Kuhusu buti, tulikubaliana: nikifika kisimani nagonga bomba mara tatu, na mlio unafika mpaka mtaani. Akisikia ndipo anakwenda shule. Wenzangu wa zamu walinicheka wiki moja, ya pili wakaanza kunikumbusha.

Siku ya thelathini na nane alimlilia mama yake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kopo lilikuwa baridi, na punje ilikuwa ndani ya kopo hilo hilo.

*

Mei tarehe tisa ardhi ilitikisika vibaya, vikombe vikaanguka kabatini. Kisima hakikupasuka. Lakini darasani, mtoto mmoja alisimama, akasema kwa sauti, "Pita zako, mlevi wewe!" akatembea hatua ishirini na mbili mpaka uwanjani. Akageuka, akaona yuko peke yake. Wenzake arobaini na mmoja wamekaa, wanamwangalia dirishani.

Akarudi ndani. Akamshika mkono Sifuni akamvuta, akamvuta na mwingine, huku analia na kupiga kelele watoke. Sifuni akamuuliza, "Kwani una nini?" Mwalimu mpya alimshika akamfungia ofisini.

Barua ilikuja siku iliyofuata. Kesho yake nikaitwa shuleni mimi na Nave. Mwalimu alikaa upande mmoja, Eliakimu katikati na kibao chake, barua juu ya meza, na kalamu juu ya barua.

"Mzee Kihwele, hakuna anayekulaumu," Eliakimu alisema. "Lakini mtoto mmoja mwenye hofu anavuruga darasa zima. Jana usiku kikuku cha Sifuni kilipanda moto mara nane. Kuna dada wa mtaa wa chini ndiye anayewavalia wenzake vikuku siku hizi, na ametapika."

"Anavaa vingapi?"

Alikohoa. "Tunafuatilia."

"Nimeuliza vingapi."

"Vinane." Kisha haraka, "Ama Nave arudishiwe punje na wewe uvae kikuku, au asome nyumbani. Weka dole hapo tu."

"Wenzake nao wafundishwe kutoka nje," nikasema. "Skola yupo. Hataki hata kiti."

"Skola ana cheti gani?"

"Mke wangu alikuwa nacho."

Mwalimu akaangalia dirishani. Nave alikuwa amekaa kando yangu, macho mekundu. Usiku tatu hajalala sawasawa, na mimi vile vile. Nitasema ukweli: nilikuwa nimeiangalia ile kalamu muda mrefu. Nilifikiri, akilala tu. Akiimba tu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mezani.

"Shikamoo," Nave akamwambia Eliakimu. Hakuwa amemwamkia tulipoingia.

"Marahaba, mwanangu."

"Hicho kibao kinakumbuka kila mtoto?"

"Kila mtoto."

"Dakika kwa dakika?"

"Ndiyo."

Nilimwona Nave anasogeza vidole pajani, anahesabu, kama anavyohesabu hatua za kwenda mlangoni.

"Siku ile mama anakimbia," akasema, "vikuku vilikuwa kumi na kimoja. Kilichokuwa cha moto kuliko vyote kilikuwa cha nani?"

Kidole cha Eliakimu kilikuwa juu ya kioo. Alikuwa na jibu hapo chini ya kidole, sote tulijua. Alikigeuza kibao kikalala kifudifudi juu ya ile barua. Nikamwangalia mwalimu. Mwalimu akaniangalia mimi. Nami nilikuwa nawaza ngazi, na siku sita, na yale maneno yangu mawili.

Nave hakulia. Alisubiri, kama mtoto anavyosubiri chenji dukani, kisha akanigeukia.

"Baba, kilikuwa changu?"